Kachumbari Haipiti Motoni

Sukuma wiki hupikwa. Maharagwe huchemka hadi yalainike, nyama huchomwa, maziwa ya chai hutokota. Katika chakula chetu cha kila siku, vinavyofika mdomoni bila kuonja moto ni vichache: kachumbari, letasi, kabeji iliyokatwa nyembamba kwa saladi, kipande cha tikiti maji kilichonunuliwa kando ya Barabara ya Namanga, na ile dania inayonyunyizwa juu ya mchuzi dakika ya mwisho. Ni vyakula vyema. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatufiki hapo. Kwa hiyo makala haya hayamwambii mkazi wa Kitengela au Kajiado aache kachumbari. Yanaeleza namna ya kuila bila kumeza pamoja nayo bakteria ambao dawa za kawaida zimeshindwa kuwaua.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Bakteria aliye sugu kwa dawa si sugu kwa maji, sabuni, klorini wala moto. Bakteria aitwaye E. coli aliyeishinda dawa ya amoksilini hufa kwenye sufuria inayochemka sawasawa na mwenzake asiye sugu, na hung'oka kwenye ngozi ya nyanya kwa maji yaleyale. Usugu wake hujulikana baadaye, akishaingia mwilini na mgonjwa akaanza kumeza vidonge visivyofanya kazi. Kwenye karai la jikoni una nguvu juu yake. Wodini huenda usiwe nayo.

Wala hatari yake si kuharisha tu. Bakteria wengi wa namna hii hukaa utumboni bila kumsumbua mtu. Mama anakula saladi Jumamosi, na Jumapili tumbo halingurumi hata kidogo. Lakini bakteria sugu aliyeingia anaweza kuishi humo kwa majuma au miezi, akiwa amebeba vinasaba vya usugu kwenye vipande vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi. Vipande hivyo anaweza kuwapa bakteria jirani, hata wa jamii nyingine. Siku moja mama yule anapata maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo mara nyingi husababishwa na E. coli waliotoka utumboni mwake mwenyewe. Dawa ya kwanza inashindwa, ya pili inashindwa, na hatimaye anawekewa sindano za gharama kubwa. Hakuna atakayezihusisha sindano hizo na letasi. Watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la The Lancet mwaka 2022 walikadiria kwamba usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na mzigo mzito zaidi ukilinganisha vifo na idadi ya watu.

Mara chache mambo hutokea waziwazi. Mei na Juni 2011, kaskazini mwa Ujerumani, watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa, wengine baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Mwanzoni lawama ziliangukia matango ya Uhispania, wakulima wa huko wakapata hasara ya bure. Baadaye ikabainika kwamba chanzo kilikuwa chipukizi za uwatu zilizoliwa mbichi kwenye saladi. Bakteria mwenyewe, aliyepewa jina la E. coli O104:H4, alikuwa sugu kwa jamii ya penisilini na kwa sefalosporini nyingi. Hayo yalitokea katika nchi yenye mabomba, friji na maabara kila mji.

Sasa tuitazame Kitengela. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,000 hivi katika mji huu. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 154,000. Nyumba zimeota kwa kasi kuliko mabomba ya maji na ya majitaka. Watu wengi hununua maji ya kisima kirefu yanayoletwa na lori au mkokoteni, wakayahifadhi kwenye tangi la plastiki na mitungi ya lita 20. Majitaka huishia kwenye mashimo na matangi ya chini ya ardhi yanayosubiri lori la kunyonya. Mvua kubwa ikinyesha, udongo mweusi wa hapa hushiba upesi na maji husimama juu, nayo mashimo hufurika. Kisima kinaweza kuwa na maji meupe kabisa na bado kikawa kimepata uchafu kutoka kwa jirani; na hata maji yaliyotoka kisimani yakiwa safi yanaweza kuchafukia kwenye lori, kwenye mpira au kwenye mtungi.

Mboga zenyewe hutoka mbali na karibu. Nyanya na vitunguu vingi huja kutoka Loitokitok na Kimana, ambako mitaro ya umwagiliaji hulishwa na chemchemi za chini ya Mlima Kilimanjaro. Nyingine huvuka mpaka pale Namanga kutoka Tanzania. Mboga za majani hupenda kulimwa karibu na soko, mara nyingi kando ya mito. Mto Mbagathi, kwa mfano, hupita Ongata Rongai na kufuata mpaka wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kabla ya kuungana na Athi, na njiani hupokea kila kinachomwagwa na miji hiyo. Maji ya mto yakirushwa juu ya jani la letasi au dania, kilichokuwa ndani ya maji hubaki juu ya jani.

Mwaka 2011 jarida la East African Medical Journal lilichapisha utafiti uliofuatilia sukuma wiki za Nairobi na vitongoji vyake kutoka shambani hadi zinapouzwa. Bakteria wanaoashiria kinyesi walionekana tangu shambani hadi sokoni, na maduka makubwa hayakuwa salama kwa sababu tu yana friji na taa nzuri. Sukuma, angalau, huenda sufuriani. Letasi na dania zilizokua kando ya mfereji uleule haziendi.

Usugu nao huzaliwa popote dawa inapotumiwa ovyo. Huzaliwa ndani yetu tunapomeza antibiotiki kwa mafua. Huzaliwa kwenye banda la kuku, dawa inapotiwa kwenye maji ya kunywa kila kuku akipiga chafya, na kwenye zizi, ambako oksitetrasaiklini hudungwa kwa makisio bila daktari wa mifugo kuuona ugonjwa. Mwili wa mnyama hautumii dawa yote. Sehemu hutoka na mkojo na kinyesi, pamoja na bakteria waliozoea kuishi nayo. Kajiado ni kaunti ya wafugaji, na samadi ya maboma yake hupakiwa kwenye malori kwenda mashambani, mengine mbali sana. Samadi ni mali. Ikitiwa mbichi kwenye shamba la letasi, inakuwa daraja kutoka zizini hadi sahanini. Watafiti waliochunguza kaya 99 za Nairobi, kazi iliyotolewa katika Nature Microbiology mwaka 2022, walisoma vinasaba vya E. coli zaidi ya 1,300 kutoka kwa watu, mifugo na wanyamapori wanaoishi karibu na nyumba, na wakaona kwamba bakteria hushirikiwa pia kati ya watu na wanyama, ingawa si mara nyingi.

Basi turudi jikoni, maana hapo ndipo msomaji anaweza kubadilisha jambo leo jioni.

Anza na maji. Maji ya mwisho kugusa mboga itakayoliwa mbichi lazima yawe maji ambayo ungeyanywa: yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa kwa muda ulioelekezwa. Kuosha nyanya kwa maji ya kisima yasiyotibiwa kunaweza kuongeza bakteria badala ya kuwapunguza. Najua maji ya Kitengela ni ghali. Mtungi wenye bomba chini, au kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa mtungi wa lita tano, hutoa mkondo mwembamba unaotosha, na maji yaliyotumika yanaweza kukusanywa kwenye karai na kumwagwa chooni.

Mkondo ni bora kuliko karai. Ukizamisha nyanya kumi kwenye karai moja, uchafu wa moja unagawiwa zote. Sugua kila tunda kwa vidole chini ya maji yanayotiririka. Nyanya ina hila yake: ikiwa imetoka kwenye jua kali la kibandani ikiwa moto, kisha ikatumbukizwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake hunywea na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo. Bakteria akiingia kwa njia hiyo, hakuna kuosha kutakakomtoa. Iache kwanza ipoe kivulini, kisha ioshe kwa mkondo, usiiloweke.

Letasi na kabeji: tupa majani ya nje, bandua yanayobaki moja moja, na uoshe pande zote mbili, hasa chini kwenye shina ambako udongo hujificha. Dania ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa majani yake ni madogo na mara nyingi huuzwa na mizizi yenye matope. Kata mizizi kabla ya kuanza kuosha, usambaze vijiti na ubadilishe maji hadi chini ya bakuli pasibaki hata chembe ya mchanga. Kama una shaka nayo, itie kwenye mchuzi ungali unachemka. Ladha itapungua kidogo, usalama utaongezeka sana.

Tikiti maji, embe, avokado, nanasi na chungwa navyo huoshwa, hata kama ganda litatupwa. Watu hulisahau hili kila siku. Kisu kinapopita kwenye ganda huburuta kilichoko nje hadi ndani ya nyama ya tunda. Mwaka 2011 matikiti ya jamii ya kantalupu kutoka jimbo la Colorado, Marekani, yalisababisha vifo 33 kwa bakteria aitwaye Listeria, na matikiti hayo yana ganda gumu lisiloliwa. Tumia brashi safi iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Wengi huuliza kuhusu chumvi na siki. Chumvi husaidia wadudu kuachia majani, lakini usiitegemee kuua bakteria. Siki hupunguza kiasi, si kwa uhakika. Sabuni ya kuoshea vyombo au ya unga isitumike kabisa, kwa kuwa mboga huifyonza na utaila. Klorini hufanya kazi vizuri ikiwa kipimo ni sahihi: dawa ya klorini isiyo na manukato wala rangi, ambayo lebo yake inasema inafaa kwa vyakula, itumike kwa kipimo cha lebo hiyo. Kwa kawaida, vituo vya chakula hutumia miligramu 50 hadi 200 za klorini kwa lita moja ya maji. Osha matope kwanza, maana uchafu humaliza nguvu ya klorini. Loweka dakika chache, kisha suuza kwa maji ya kunywa. Lebo isiposema lolote kuhusu vyakula, dawa hiyo iachiwe choo na sakafu.

Nitakuwa mkweli juu ya kuosha. Kuosha vizuri huondoa sehemu kubwa ya bakteria, pengine tisa kati ya kila kumi na zaidi, lakini si wote. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, anayeishi na virusi vya UKIMWI bila kinga kurejea, au mgonjwa wa saratani anayetibiwa, apewe mboga zilizopikwa na matunda yaliyooshwa kisha kumenywa nyumbani, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Saladi za hotelini na vipande vya tunda vya barabarani si vyake kwa kipindi hicho.

Kisha kuna ubao wa kukatia. Wapenzi wa nyama choma wanisamehe, ila hapa ndipo ninapoona hatari kubwa ya wikendi. Nyama mbichi au kuku anakatwa, ubao unapanguswa kwa kitambaa kilekile cha tangu asubuhi, kisha kachumbari inakatwa juu yake na kuletwa kando ya nyama iliyochomwa vizuri. Moto umeisafisha nyama, na kachumbari imebeba kilichotoka kwenye nyama ikiwa mbichi. Nyumbani, kata kachumbari kwanza, nyama baadaye, au uwe na mbao mbili zisizobadilishana kazi. Ukienda kula nje, una haki ya kuuliza kachumbari inakatiwa wapi. Kwa mujibu wa sheria, anayeshughulikia chakula cha kuuzwa anapaswa kuwa na cheti cha uchunguzi wa afya, kinachohuishwa kila miezi sita.

Muda nao ni adui. Katika joto la kuwafaa, bakteria wa aina hizi wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Mmoja wa saa nne asubuhi anaweza kuwa zaidi ya 4,000 kufikia saa nane mchana. Tunda likishakatwa liliwe papo hapo au liwekwe kwenye friji. Lisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za jua kali saa moja inatosha. Kachumbari ya mchana isingoje chakula cha jioni mezani. Sokoni nunua tikiti zima, au nusu inayokatwa mbele yako kwa kisu kilichooshwa, kuliko kipande kilichofunikwa kwa plastiki tangu alfajiri.

Kwa mama mboga, ambaye kazi yake hulisha mji huu: maji ya ile ndoo unayotumbukiza mkono kunyunyizia mboga zisinyauke ndiyo yanayoamua mengi. Yabadilishe mara nyingi, yawe ya kunywa, na utumie chupa iliyotobolewa kifuniko badala ya mkono. Panga bidhaa juu ya meza, si kwenye gunia chini. Lakini si haki kumwachia yeye mzigo wote wakati soko halina bomba na choo ni cha kulipia. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, usafi wa mazingira wa kiwango cha kuridhisha na chakula cha ubora unaokubalika. Huduma za afya na usimamizi wa masoko viko mikononi mwa kaunti, na ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo ndipo pa kupeleka malalamiko kuhusu soko lisilo na maji au shamba linalomwagiliwa kwa majitaka. Andikeni kama kikundi cha wachuuzi au cha wakazi, mtaje mahali na tarehe, na mbaki na nakala yenye muhuri.

Mkulima, iwe una ekari Isinya au magunia matano ya mboga nyuma ya nyumba, samadi mbichi iive kwanza. Rundo lililopangwa vizuri na kupinduliwa hupata joto la nyuzi 55 na zaidi, na joto hilo likidumu siku 15 huku rundo likipinduliwa angalau mara tano, bakteria wengi wa hatari hufa. Ukitia samadi mbichi, ziache ziende siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo. Mwagilia kwenye mizizi, kwa matone ukiweza, si juu ya majani. Maji ya kufulia nepi yasiende kwenye dania. Na kuku wakiugua, mwite mtaalamu wa mifugo kabla ya kutia dawa kwenye maji. Chanjo na banda kavu huokoa pesa kuliko pakiti za antibiotiki.

Hata ukifanya yote hayo, siku moja mtu nyumbani ataharisha, na hapo ndipo wengi wetu huharibu. Tunakwenda duka la dawa tukiomba Septrin au Flagyl, tunameza siku mbili, tumbo likitulia tunahifadhi zilizobaki kabatini. Kuharisha kwingi hupona bila antibiotiki. Kinachoua ni kupungukiwa maji, na tiba yake ni chumvi ya kurudisha maji mwilini, ORS. Soma pakiti, kwa kuwa nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na aendelee kunyonya na kula.

Homa ya matumbo, yaani taifodi, inahitaji maneno ya peke yake. Taifodi sugu kwa dawa kadhaa imethibitishwa nchini Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, jambo ambalo watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, wamelifuatilia kwa miaka mingi. Lakini pia kuna watu wengi wanaoambiwa wana taifodi na hawana. Kipimo cha Widal cha damu, kinachofanywa katika zahanati nyingi, hudanganya mara kwa mara: kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Homa ikizidi siku tatu, uliza kama damu inaweza kuoteshwa maabara katika hospitali kubwa kabla hujaanza dawa. Kipimo hicho humtambua bakteria mwenyewe na kuonyesha ni dawa gani bado zinamweza. Mwaka 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi. Uliza kliniki iliyo karibu nawe.

Usingoje nyumbani ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyodidimia, mtoto asiyeweza kunywa au asiyekojoa, au choo cha maji meupe kama ya mchele kinachomiminika mfululizo. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa kipindupindu. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 baada ya harusi huko Limuru ulifika Kajiado pia. Nenda kituo cha afya ukiendelea kumpa mgonjwa ORS njiani, na ubebe pakiti ya kila dawa aliyokwisha kumeza, hata zile alizopewa na jirani, ili daktari ajue zipi zimeshajaribiwa.